Kutoka mkiani hadi ubingwa: maswali yenu kuhusu Boston Braves wa 1914

Wiki iliyopita niligusia kwa mistari miwili tu habari za Boston Braves, timu ya besiboli ya Marekani iliyokuwa ya mwisho kwenye ligi Julai 1914, na Oktoba ikawa bingwa. Sikutegemea maswali mengi hivi juu ya mchezo ambao wengi wetu hatujawahi kushika hata gongo lake (la mbao, siyo lile lingine). Haya, twende.

Kwani walikuwa nyuma kiasi gani? Hata Simba na Yanga huanza vibaya wakarudi. (Msomaji, Mwanza)

Simba na Yanga wakianza vibaya wanakuwa wa nne, ndugu yangu. Hawa walikuwa wa nane kati ya timu nane. Tarehe 4 Julai walifungwa na Brooklyn mara mbili siku hiyohiyo, wakawa wameshinda mechi 26 na kupoteza 40. Kileleni walikaa New York Giants wa kocha John McGraw, waliokuwa wameibeba ligi hiyo miaka mitatu mfululizo, na pengo lilikuwa la michezo 15. Maana yake Braves washinde 15 mfululizo na Giants wapoteze 15 mfululizo, ndipo walingane.

Kuanzia hapo Braves walishinda 68 na kupoteza 19. Tarehe 7 Septemba, Sikukuu ya Wafanyakazi ya Marekani, timu hizo mbili zilikutana Boston zikiwa zimekabana koo. Uwanja wa Braves ulikuwa mdogo, wakaazimwa Fenway Park na majirani zao Red Sox. Mechi ya asubuhi na ya mchana kwa pamoja ziliingiza watu zaidi ya 70,000. Asubuhi Braves walishinda 5-4, mchana wakachapwa 10-1. Kesho yake wakashinda tena, wakakaa kileleni na hawakushuka. Mwisho wa msimu, Giants walikuwa nyuma kwa michezo 10 na nusu.

Mimi besiboli siielewi kabisa. Nieleze kwa ufupi. (Msomaji, Dodoma)

Timu moja inapiga, nyingine inakaba uwanjani. Mrushaji anautupa mpira, mpigaji anaugonga na kukimbia vituo vitatu, kisha anarudi nyumbani alikoanzia: hilo ni bao. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji. Wakitolewa wapigaji watatu, upande unabadilika, na kila timu inapiga kwa zamu tisa. Matokeo yakilingana, zinaongezwa. Aliyecheza raunda shuleni Kenya ameshaelewa nusu.

Timu ya mwisho kuwa ya kwanza haiji hivihivi. Hawakuwa na kamati ya ufundi? (Msomaji, Mombasa)

Nilijua swali hili litakuja! Kocha wao, George Stallings, alikaa benchi na suti yake, akitukana matusi mazito, na kwa ushirikina alikuwa hajambo. Hakutaka kuona kipande cha karatasi karibu na benchi lake. Wapinzani walipojua, wakawa wanamtupia vikaratasi na maganda ya karanga makusudi. Inasimuliwa pia kwamba timu ikianza kufunga alibaki vilevile alivyokuwa. Kama alikuwa ameinama, ataganda ameinama mpaka zamu iishe.

Lakini ufundi wenyewe ulikuwa kwingine. Wachezaji wake wa nyuma ya uwanja hawakuwa na majina makubwa, basi akawapanga kwa kupokezana: mrushaji wa mpinzani akiwa wa mkono wa kulia, wanaingia wapigaji wa kushoto, akiwa wa kushoto, wanaingia wa kulia. Leo kila kocha anafanya hivyo. Katikati alikuwa na Johnny Evers, nahodha mwembamba, mgomvi, aliyetoka Chicago na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi, zawadi yake gari. Pembeni yake Rabbit Maranville, kafupi ka mita 1.65, aliyedaka mipira ya juu usawa wa tumbo, kama mtu anayekinga embe kwa shati.

Na warushaji. Bill James na Dick Rudolph walibeba msimu mabegani. Ukiniuliza mimi, muujiza wote ulikuwa mikono ya hawa wawili.

Fainali ilikuwaje? (Wengi)

Ligi kuu zilikuwa mbili, na fainali ilikutanisha mabingwa wake. Wa ligi ya pili, Philadelphia Athletics wa kocha Connie Mack, walikuwa wamebeba kombe 1910, 1911 na 1913. Mechi ya kwanza wakala 7-1. Ya pili, James aliwaruhusu mipigo miwili tu, na bao moja la zamu ya tisa likatosha. Wanasema Stallings aliagiza jezi za ugenini zipelekwe Boston zote, kwa kuwa Philadelphia hawarudi tena.

Ya tatu, Fenway, ndiyo ningelipa kuiona. Zamu ya kumi Athletics walifunga mawili. Akaingia Hank Gowdy, mdakaji wa Braves ambaye msimu mzima alikuwa mpigaji wa kawaida tu, akaupeleka mpira kwenye majukwaa. Joe Connolly akapiga mpira ulioleta bao la kusawazisha. Giza linaanza kuingia, zamu ya 12, Gowdy anapiga tena na kufika kituo cha pili. Les Mann anaingia kukimbia badala yake. Mpira mfupi ukamfikia mrushaji wa Athletics, Joe Bush, naye akautupa kituo cha tatu, ukapita hewani, Mann huyoo nyumbani. 5-4. Ya nne ikaisha 3-1, na kazi ikaishia hapo, nne bila.

Athletics waliuza mechi? (Msomaji, Arusha)

Unachanganya na 1919, kashfa ya Chicago White Sox, ambapo wachezaji wanane walifungiwa maisha. Hawa wa 1914 hawakupatikana na hatia yoyote.

Baada ya hapo? (Msomaji, Nakuru)

Mack aliibomoa timu. Ligi ya tatu, Federal, ilikuwa inapandisha mishahara, warushaji wake Plank na Bender wakahamia huko, na Eddie Collins akauzwa Chicago kwa dola 50,000. Mwaka 1915 Athletics wakashika mkia.

Braves hawakubeba tena kombe wakiwa Boston. Walihamia Milwaukee 1953, wakalipata 1957, na tangu 1966 wako Atlanta. Gowdy alijiunga na jeshi 1917, wa kwanza kati ya wachezaji wa ligi kuu.

Na James? Msimu ule wa 1914 alikuwa na miaka 22, akashinda mechi 26 na kurusha zamu 332. Mwaka uliofuata alishinda tano, mkono ukagoma. Alirudi ligi kuu 1919, akacheza mechi moja.