Usihesabu koni, angalia sauti inakatwa wapi

Ujumbe wa msomaji mmoja ulioingia wiki hii ulikuwa mfupi: chumba cha mita tatu kwa nne, pesa ya jozi moja tu ya spika ndogo. Achukue za njia mbili au njia tatu? Njia mbili. Sababu iko ndani ya boksi, kwenye krosova, yaani sakiti inayoigawa sauti kati ya koni.

Spika ya njia mbili ina wufa (koni ya sauti nzito) ya inchi 5 hadi 6.5 na twita (ya sauti nyembamba) ya inchi 1. Krosova huikata sauti mahali pamoja, mara nyingi kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 na 3,000. Udhaifu wake uko hapo hapo. Kwenye hezi 2,000 urefu wa wimbi ni kama sentimita 17, karibu sawa na upana wa koni ya inchi 6.5, hivyo wufa huanza kuirusha sauti mbele tu. Ukihamia pembeni mwa kochi, mwimbaji anafifia.

Njia tatu, yenye koni ya katikati kati ya wufa na twita, inatibu hilo. KEF R3, kwa mfano, inakata kwenye hezi 400 na tena 2,900. Sauti ya mtu kwa sehemu kubwa inapita kwenye koni ya katikati, ambayo haina kazi ya kusukuma besi. Kwenye taarab utaisikia tofauti: gitaa la besi linanguruma, mwimbaji hatikisiki.

Lakini mkato wa hezi 400 unadai koili nene na kapasita kubwa, na hizo ni ghali. Kwa bei ileile, mtengenezaji wa njia tatu lazima abane mahali. Zile za bei ya chee hubana kwenye krosova: kapasita moja kwenye twita, koni ya katikati imeungwa moja kwa moja na wufa. Koni ya katikati hapo ni pambo tu. Piga wimbo wenye besi nzito uangalie: koni ya katikati ikicheza mbele na nyuma kama wufa, basi haijakatiwa besi. Ikiwa ni ya mtumba na muuzaji amekubali, fungua skrubu za wufa uchungulie. Usipoona koili hata moja, rudisha skrubu uage.

Wanaodharau njia mbili wakumbuke LS3/5A, spika ndogo ya njia mbili iliyobuniwa na BBC miaka ya 1970 kwa ajili ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo. Koni mbili tu, krosova iliyofanyiwa kazi kwelikweli.

Njia tatu zenye koni zilizopangwa wima zinataka ukae mita mbili au zaidi. Karibu zaidi ya hapo unaweza kusikia kila koni kivyake. Usizilaze ubavu.

Kwa aina yoyote, twita iwe usawa wa sikio ukiwa umekaa, na tundu la nyuma liachiwe sentimita 30 hivi kutoka ukutani. Kama nafasi hakuna, soksi safi ndani ya tundu hupunguza mvumo (usicheke, inafanya kazi). Soma pia desibeli, yaani sauti inayotoka kwa nguvu ileile ya umeme: spika ya 85 inahitaji wati mara mbili ya ile ya 88 kwa sauti ileile.

Chenji itakayobaki iwekee sabufa (spika ya besi pekee), uikate kwenye hezi 80. Na besi ikipotea ukikaa katikati, ikarudi ukisogea pembeni, usikimbilie kwa fundi. Kagua kwanza waya: mwekundu na mweusi huenda vimebadilishana kwenye spika moja.