Pau nane, pau tatu

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Sisi hatujambo, ila goti la mama yako ndilo lile lile. Umeniuliza nakumbukaje karata zote 52 ninapocheza briji, wawili dhidi ya wawili, maana wewe na mumeo mkiwa upande wa kuzuia mnapigwa kila Jumamosi, na mkirudi nyumbani hamsemeshani.

Sikumbuki 52, mama. Nahesabu mpaka 13, basi. Kila aina ina karata 13 na kila mtu ameshika 13. Zako unaziona, na za mwenzake mwenye mkataba, zilizolazwa mezani, unaziona. Zimebaki 26 za watu wawili, na huyo mwenye mkataba, aliyeahidi idadi ya mizunguko atakayokula, keshakwambia nusu ya siri zake wakati wa kunadi. Bandarini nilikuwa karani wa kuhesabu magunia, unajua. Winchi ikishusha mzigo sikuwa nikikumbuka sura ya gunia, nilikuwa nikipiga vistari vinne, cha tano nakata. Karata ni magunia tu.

Lakini kama kuhesabu kungetosha, mimi nisingeliwa usiku ule wa pau. Unaukumbuka, ulikuwa darasa la sita, ukatulalia kwenye viti vya klabu.

Yule mzee wa meno ya dhahabu alinadi shupaza nne, yaani turufu ni shupaza na alitakiwa kula mizunguko kumi kati ya 13. Mimi na mama yako tulikuwa tumeshakula mitatu, tunatafuta mmoja tu. Mkononi nilibaki na karata tatu: ghulamu wa pau, pau tisa na mfalme wa uru. Mzee akatoa turufu yake ya mwisho. Nitupe nini?

Sasa hesabu nami. Shupaza alikuwa nazo tano, hilo tulilijua. Kopa alifuata mara tatu, ya nne akaikata kwa turufu, basi kopa tatu. Uru ilichezwa mara moja tu: mama yako alianza na malkia, ree ya mezani ikamla, mzee akafuata na kigarasa. Je, anayo uru nyingine? Jibu lilikuwa kwenye pau. Mzee alipopiga ree na mfalme wa pau, mama yako alitoa nane, kisha tatu. Kubwa halafu ndogo ni ishara yetu, maana yake nina pau shufwa, kwake mbili. Mbili zake, nne zangu, tatu za mezani, jumla tisa. Mzee ana nne. Tano na tatu na nne ni 12. Uru yake ilikuwa moja, na imeshakwenda. Mfalme wangu alikuwa gunia tupu.

Nikamshika mfalme, nikatupa pau tisa.

Mzee akapiga malkia wa pau, ghulamu wangu akaanguka. Kisha akaweka pau sita mezani, taratibu, kwa kidole kimoja. Pau sita! Ikala mzunguko wa mwisho.

Nimejitetea miaka yote hii kwamba mkono unakataa kumtupa mfalme, na kwamba nane ile huenda ilikuwa bahati tu. Bahati gani? Mama yako hatoi karata ovyo, hata chumvi anaipima. Hesabu niliijua. Sikumwamini aliyenipa hesabu, nikaona mimi karani wa magunia, yeye ananiambia nini. Karata ni magunia, lakini bandarini hata makarani tulikuwa wawili, mmoja melini na mwingine gatini, na daftari zisipolingana mzigo hautoki.

Siku nne hakunipa neno zaidi ya "chai hiyo". Jumamosi iliyofuata akavaa buibui, akaniuliza kama siendi.

Pale chini umeniuliza kama utafute wa kucheza naye mwingine. Hapo sisemi, huyo ni mumeo na mimi ni mkwewe. Ingawa, hebu niambie, akikutolea nane unaitazama? Au ni yeye asiyezitazama zako? Ninalo wazo langu, na mama yako amenikataza kuliandika. Niandikie mikono yote minne ya mchezo mmoja mliopigwa, na nani alitupa nini.

Baba yako