Kikohozi wiki ya nne, wenzangu wanahamisha viti

SWALI: Nakohoa wiki ya nne sasa na nimemaliza chupa mbili za dawa ya kikohozi. Ofisini tuko sita, chumba kimoja chenye kiyoyozi. Nifanyeje? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Pole sana. Chupa ya tatu usinunue. Kikohozi kikifika wiki mbili, kapime kifua kikuu. Vituo vya serikali hupima na kutibu bila malipo. Utapewa kikopo cha makohozi, na hapo wengi hukosea: hutema mate. Asubuhi kabla ya kula, sukutua kwa maji matupu, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka kifuani mpaka upate kitu kizito, kama mililita 3 hivi. Fanyia nje penye hewa, si chooni.

Ukionekana huna, mtajie daktari dawa zote unazomeza. Enalapril na captopril za presha huweza kuleta kikohozi kikavu. Usiziache mwenyewe, utabadilishiwa. Kikikuzidi ukilala, huenda ni pumu au tindikali ya tumbo.

Ofisini, zimeni kiyoyozi mfungue madirisha ya pande mbili, maana kiyoyozi cha ukutani huzungusha hewa ileile. Vaa barakoa, nayo usiishushe kidevuni ukitaka kukohoa (tunaona sana hiyo!). Nyumbani lala chumba chako ikiwezekana. Kijiko cha asali hutuliza koo, ila mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe.

Ukiona damu, au pumzi inabana, nenda hospitali leo hii.