Usiifungue "33" usiku huu

Mkuu, weka rimoti chini kwanza. Unasema umewekewa Battlestar Galactica, ile tamthilia ya vita vya angani iliyotengenezwa upya, kwenye flashi pale Mwanjelwa, Mbeya, folda inaanzia "33", kipindi cha kwanza cha msimu wa 1, na leo usiku ndiyo unaanza. Usianze. Umeuliza pia kati ya ile ya 1978 na hii ipi kali, manukuu ya Kiswahili yapo, na msimu wa 4 unaboa au vipi. Subiri.

"33" siyo mwanzo. Mwanzo ni filamu ya sehemu mbili ya Desemba 2003, jumla kama saa tatu. Humo ndimo Cylon, maroboti yaliyowaasi binadamu walioyatengeneza, wanateketeza makoloni 12 ya binadamu, ndimo waziri wa elimu anaapishwa urais kwa kuwa wote 42 waliomtangulia kwenye foleni hawapo tena, ndimo unaelewa kwa nini limepona limeli kuukuu la angani, Galactica, lililokuwa linageuzwa makumbusho.

Mimi dogo wa kibandani aliniapia, "Kaka, kila kitu kimo." Nikarudi Uyole, baridi ya Juni, blanketi hadi puani, nikabonyeza. Cylon wanatokea kila dakika 33, watu macho mekundu siku ya tano hawajalala, na mimi sijui hata wanakimbia nini. Nikavumilia. Mara namwona Sharon, rubani, yumo melini na wenzake. Mbele kidogo Sharon huyo huyo yuko Caprica, sayari waliyoikimbia, mvua inanyesha, anamwokoa Helo, askari mwenzake aliyeachwa huko! Nikajua faili zimechanganywa. Kesho yake nikapanda daladala kwenda kugombana. Dogo akatazama skrini, akanijibu bila hata kupepesa: "Hao mapacha, kaka. Utaona mbele."

Mapacha! Na mimi msomi mzima nikakubali, nikawasimulia hadi majirani, nikatunga na nadharia ya baba yao ni nani (na ilikuwa nzuri, msinicheke). Siri ya Sharon inafichuliwa dakika za mwisho za ile filamu ya 2003. Ukiijua, msimu wote wa kwanza unautazama roho juu. Mimi niliutazama kama ugomvi wa ukoo.

Na Helo? Nilimwona kama abiria aliyeshuka kununua mahindi Makambako basi likamwacha, kumbe nafasi yake chomboni alimpa mwanasayansi Gaius Baltar. Halafu mwisho wa "33" rais anaongeza mtu mmoja kwenye ubao wa hesabu ya walionusurika, mtoto kazaliwa. Wenzangu wanasema walilia. Mimi nilidhani anasahihisha hesabu. Yule dogo sijamsamehe, na hela yangu kala.

Kesho rudi na flashi. Usiseme "niwekee yote", yote ya watu hawa inaanzia pale walipopakua. Sema ya 2003, sehemu mbili, na uifungue palepale kabla hujalipa. Ukikuta ofisa yuko peke yake mezani kwenye kituo cha angani anawasubiri Cylon, chukua. Ukimwona mwigizaji Lorne Greene na nywele zake nyeupe, hiyo ni ya 1978, chomoa flashi yako uondoke.