Barua kwa mwanangu: Kwa nini kila mwaka narudi kwa wakatekumeni

Mwanangu mpendwa,

Juzi kwenye simu uliniuliza, "Mama, miaka kumi na miwili unafundisha watu wazima wanaotaka kubatizwa, masomo yale yale. Huchoki?" Nikakwambia tutaongea. Nimeona afadhali nikuandikie, maana jambo hili nalipenda mno kulijibu juu juu.

Wewe nilikupeleka kubatizwa nikiwa nimekubeba. Mtu mzima huja kwa miguu yake, na mara nyingi amezunguka miaka mingi kabla hajabisha hodi. Siku ya kupokelewa kuwa mkatekumeni, yaani mtu anayejiandaa kubatizwa, anaulizwa jina lake, kisha anaulizwa anaomba nini kwa Kanisa la Mungu. Anajibu neno moja tu: imani. Baadaye anatiwa ishara ya msalaba kwenye paji la uso, masikio, macho, midomo, kifua na mabega. Mwaka jana nilimsindikiza mzee wa umri wa babu yako. Ilipofika zamu ya mabega nilimsikia akishusha pumzi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mimi tangu utotoni najitia ishara ya msalaba, mara nyingine huku nikiwaza mambo mengine kabisa.

Lakini kinachonirudisha hasa ni jambo dogo ambalo pengine hujalitazama. Baada ya homilia, yaani mahubiri ya Misa, wakatekumeni huagwa. Wanatoka kanisani kabla ya Liturujia ya Ekaristi, sehemu ya Misa ambayo waamini hupokea Komunyo, nami hutoka nao tukaendelee kutafakari Injili ya siku hiyo. Dominika moja mama mmoja alisimama mlangoni akageuka kutazama altare. Akaniuliza, "Hivi ninyi mnaobaki mnajua mnachobakia?" Nilikosa la kusema. Nilipokwenda Misa ya pili siku ile nilipokea Komunyo nikilia, mimi niliyekuwa nikipanga foleni kila Dominika kwa mazoea. Yule mama aliisubiri Ekaristi mwaka mzima na zaidi. Njaa yake iliamsha yangu.

Halafu inakuja Kwaresima. Dominika ya kwanza wanateuliwa kubatizwa Pasaka, kwa kawaida mbele ya Askofu, na majina yao yanaandikwa. Dominika ya tatu, ya nne na ya tano wanaombewa mbele ya waamini wote, kwa Injili za mwanamke Msamaria, kipofu tangu kuzaliwa, na Lazaro. Hadithi hizo nimezisoma sijui mara ngapi, ila kuzisikia ukiwa umekaa karibu na mtu anayejiona yeye ndiye Lazaro ni jambo lingine.

Si wote wanaofika, mwanangu. Kijana mmoja aliacha wiki mbili kabla ya Pasaka, na hadi leo namtaja kwenye rozari yangu. Sikumfuata kumshinikiza. Imani haisukumwi, na mimi kazi yangu ni kutembea pembeni ya mtu.

Wanaofika, basi, ndio usiku ule wa Mkesha wa Pasaka. Giza kwanza, kisha mshumaa mmoja, kisha kanisa zima linawaka. Wanabatizwa, na padre aliyewabatiza huwapa Kipaimara, sakramenti ya kuimarishwa kwa Roho Mtakatifu, papo hapo, halafu wanakaribia meza ya Bwana kwa mara ya kwanza. Ni usiku kama huo, mwaka 387 huko Milano, Askofu Ambrosi alimbatiza Augustino, mtu mzima wa miaka 32 ambaye mama yake Monika alikuwa amemlilia kwa miaka. Kila ninapomwekea mtu mkono begani pale kwenye kisima cha ubatizo, namkumbuka Monika. Alikufa mwaka ule ule, lakini alikuwa ameuona ubatizo wa mwanawe.

Kwa hiyo, hapana, sichoki mwanangu. Miguu huchoka, hilo sikufichi.

Alhamisi tunaanza kundi jipya, wako saba. Yupo kijana wa rika lako ambaye ameshaniuliza swali uliloniuliza ukiwa na miaka tisa: kama Mungu anaweza yote, maji ni ya nini? Wewe nilikujibu nikiwa napika, kwa haraka. Yeye nimemwambia tutakaa nalo pamoja.

Nakupenda sana,
Mama yako