Kabla hujaigeuza Mustang yako iwe ya drag, soma hii kuhusu saspensheni

Wakuu, wengi mnaoniuliza kuhusu Ford Mustang mnauliza nguvu tu, farasi ngapi, turbo gani, mkimaliza hapo ndo mnakumbuka saspensheni, yaani springi, shokapu na mikono inayoshika tairi, tena mnaiongelea kama kitu kidogo cha kumalizia. Mimi niko huku Texas, naendesha GT ya 2012, injini lita 5.0, kiwandani ilitoka na farasi 412, na saspensheni ya drag, zile mbio za kunyoosha mita 402, nimeweka karibu yote, mbele na nyuma. Sijuti. Ila kuna mambo wauza spea hawayasemi, na hii gari ndo hiyohiyo inanipeleka kazini.

Faida nisifiche. Mustang za 2005 hadi 2014 nyuma zina ekseli ya kipande kimoja, inashikwa na mikono miwili ya chini, mmoja wa juu, na fimbo ya kukingama inayozuia ekseli isiende pembeni. Mikono ya kiwandani ni bati lililokunjwa na bushi za mpira laini, ukifunga tairi inayonata halafu ukaachia klachi kwa fujo bushi zinajinyonga, ekseli inajisokota, tairi zinaanza kurukaruka mpaka unahisi gari inataka kukatika vipande. Badilisha mikono na shokapu, inatulia. Na kwenye drag mita 18 za mwanzo ndo mpango mzima, ukiokoa sehemu moja ya kumi ya sekunde pale, ukimaliza mita 402 mara nyingi umeokoa zaidi ya hiyo. Kwa hiyo inafanya kazi, hilo hatubishani. Shida ni kwamba kile kinachoisaidia gari kuondoka ndo kinachoiharibia kusimama na kukata kona.

Mfano, ukishusha gari kwa springi fupi mikono ya chini inabadilika mwelekeo, upande wa nyuma unakuwa juu, basi ukikanyaga mafuta gari inakaa chini nyuma badala ya kukandamiza tairi. Dawa yake ni vibati vinavyofungwa kwenye ekseli kushusha mkono, vina matundu kadhaa, na kila mtu anakimbilia tundu la chini kabisa maana hapo gari inaondoka kama inasukumwa. Sawa. Sasa uko highway ya I-35, foleni imesimama ghafla mbele yako, unakanyaga breki mpaka mwisho, ekseli inaanza kudunda nyuma. Ile nguvu iliyokuwa inabana tairi chini wakati wa kuondoka, ukifunga breki inageuka inainyanyua. Mimi nimerudi tundu la katikati, muda wangu umeongezeka kidogo na nalala vizuri.

Ila kinachonitisha zaidi ni stabilaiza, ile fimbo inayozuia gari isilale upande kwenye kona. Mbele wanakwambia itoe, unapunguza uzito na pua inapanda haraka uzito uende nyuma. Nyuma wanakufungia stabilaiza nene, kwa sababu kwenye ekseli ya kipande kimoja propela ikizunguka kwa nguvu tairi ya kulia inapungukiwa uzito, sasa hiyo stabilaiza inazisawazisha. Kila moja peke yake ina mantiki. Ziunganishe uingie nazo kona: mbele inalala, nyuma imekakamaa, kwa hiyo nyuma ndo inataka itangulie. Na ubaya wake kwenye lami kavu kwa mwendo wa kistaarabu huoni kitu kabisa, unaweza kukaa miezi unasema mbona iko poa, mpaka siku lori linahama njia bila taarifa, wewe unakata usukani, na kama mvua inanyesha na tairi zako ni za drag zile zenye mifereji ya maji ya kuhesabu, hapo ni Mungu tu.

Shokapu za mbele za 90/10 nazo ni za uwanjani. Zinafunguka kirahisi, zinarudi kwa taabu. Highway za huku nyingi ni zege lenye viungio, kila kiungio kinainua pua kidogo na kabla haijashuka kingine kimefika, unajikuta unaendesha gari imenyoosha shingo kama mbuzi anayechungulia ua, usukani mwepesi, taa zinapiga macho ya watu. Tena pua ikikaa juu mwelekeo wa tairi za mbele unabadilika, ndo maana alaimenti inasumbua na tairi zinaliwa upande mmoja. Kelele za bushi ngumu sitaki hata kuzungumzia, mke wangu akitaka kwenda mahali anachukua funguo za Corolla.

Halafu hela. Tairi zilipokuwa zinasota bure pale mwanzoni zilikuwa zinakulindia klachi, gia boksi, shafti za ekseli na ile propela ya vipande viwili ya kiwandani. Tairi ikishakataa kuteleza ile nguvu inaenda kwa anayefuata kwa udhaifu. Anayeweka bajeti ya saspensheni peke yake hajaweka bajeti. Na kwa sheria za NHRA, chama cha mbio za drag Marekani, gari inayokimbia sekunde 13.99 au pungufu kwa tairi za sliki, zile laini zisizo na mifereji, lazima iwe na kitanzi cha chuma cha kushika propela, kwa hiyo hata kabla hakijavunjika kitu orodha imesharefuka. Bima nao waambie ulichobadilisha, usingoje ajali. Texas wamefuta ukaguzi wa usalama kwa magari binafsi tangu Januari 2025, maana yake hakuna wa kukukamata na wala hakuna wa kukuokoa.

Mngeniuliza muanzie wapi ningesema tairi na upepo wa tairi, kisha fundisha mguu wako. Baada ya hapo mikono ya chini ambayo upande wa bodi imebaki na mpira, na shokapu za kurekebisha, unalegeza uwanjani unakaza ukirudi. Stabilaiza ya mbele iache ilipo, ukitaka fungua nati zake ukifika uwanjani na uzifunge kabla ya kutoka geti. Pale uwanja wa drag wa Texas Motorplex, Ennis, njia yote ni zege, mpangilio uliopata pale usitegemee ukubali kwenye lami ya mtaani.

Mdogo wangu wa Dar anataka kuiga kwenye Toyota Mark X. Ile nyuma kila tairi inajitegemea, nusu ya niliyoandika haimhusu, na kwa matuta ya kule ningemwambia aache tu.

Spea za kiwandani usiuze, zifunge kwenye boksi na bolti zake uandike kila moja ni ya wapi, siku ya kuuza gari mnunuzi mwenye akili atakuuliza kama unazo.