Maswali ya Wasomaji: Usafi Ndani ya Boti la Matanga

SWALI: Shikamoo. Mimi ni msichana wa Kilifi, nimeajiriwa kuwa mpishi katika boti la matanga linalojiandaa kwenda Mahé, Shelisheli. Tutakuwa watu 4, tangi la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni la lita 300, na hatuna mtambo wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Nahodha ametuonya kwamba hakuna kuoga kwa maji ya tangi. Je, nitaishije siku zote hizo bila kunuka wala kuharibika ngozi? Na mimi ninayetawadha mara 5 kwa siku, nifanyeje? – Mpishi, Kilifi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nahodha wako ana haki ya kubana maji. Kutoka Kilifi hadi Mahé ni zaidi ya maili 900 za bahari, na boti linalokwenda maili 5 kwa saa hukata 120 kwa siku, kwa hiyo hesabuni siku 8 upepo ukiwakubali na 10 ukiwagomea. Mkitenga lita 100 ziwe akiba isiyoguswa, zinazobaki zitampa kila mmoja wenu lita 5 kwa siku, na katika joto la ikweta kunywa na kupika kutakula lita 3 na zaidi. Utabakiwa na kama lita moja na nusu. Zinatosha kabisa, mradi kazi ya kutoa uchafu uiachie bahari, na maji baridi yafanye kazi moja tu, nayo ni kuondoa chumvi mwilini. Mkubalie nahodha sharti lake la kutooga kwa maji ya tangi, kisha umwombe hiyo lita moja ya kujisuuzia, sidhani atakunyima.

Anza na sabuni. Sabuni ya kawaida ya kipande haitoi povu la maana katika maji ya bahari, kwa sababu chumvi, kalsiamu na magnesi iliyomo huigeuza kuwa utando unaong'ang'ania ngozini, ukatoka kuoga ukiwa mchafu kuliko ulivyoingia. Sabuni iliyotengenezwa kwa mafuta ya nazi huvumilia zaidi, na shampuu au sabuni ya maji ya kuoshea vyombo hutoa povu vizuri. Ukishajisugua na kujimwagia maji ya bahari, usikimbilie maji baridi. Kwanza jikamue kwa viganja, kuanzia mabegani kwenda chini, mpaka maji yasidondoke tena, kwa kuwa kila tone la bahari unalolitoa kwa mkono ni tone usilohitaji kulisuuza. Kisha jinyunyizie kwa bomba dogo la mkono la kupulizia mimea, lililo jipya kabisa na ambalo halijawahi kutiwa dawa ya wadudu. Kwa bomba hilo lita moja huenea mwili mzima, ilhali kwa kopo ingeishia kifuani.

Oga mchana, ukiwa umekaa karibu na shetri, yaani nyuma ya boti, na umejifunga kamba ya usalama. Kamba ya ndoo ifungwe botini, kamwe usiizungushe mkononi, kwani ndoo iliyojaa maji wakati boti liko mbioni huvuta kwa nguvu za kumtosa mtu mzima. Itupe mbele kidogo ya ulipo na uinyanyue kabla kamba haijakaza. Ndoo ikifika theluthi, inatosha. Mvua nayo ni neema, lakini usijipake sabuni kwa sababu tu umeona wingu jeusi, maana wingu la baharini lina tabia ya kumpita mtu akiwa amejaa povu mpaka machoni. Mkitandaza turubai ili mkinge maji, yaacheni ya mwanzo yapotee, kwa kuwa huwa yanaosha chumvi iliyoganda kwenye turubai lenyewe.

Nimesisitiza chumvi kwa sababu ndiyo adui wa ngozi yako kuliko jasho. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani, na ndiyo maana nguo iliyofuliwa kwa maji ya bahari hukauka mchana ikarudi chepechepe usiku. Mtu anayeketi saa nyingi katika zamu akiwa na kaptula ya namna hiyo huanza kuwashwa, kisha ngozi huchubuka, kisha vijidudu huingia na majipu huota makalioni na kiunoni. Kwa hiyo usifue nguo za ndani kwa maji ya bahari. Chukua za kutosha safari nzima na ufue ukifika. Kila umalizapo zamu, jifute sehemu zinazosuguana kwa kitambaa kilicholowanishwa kwa maji baridi, kikombe kimoja tu, kisha uache ngozi ikauke kabla ya kuvaa. Jipu likiota usilikamue, na ukipata homa, mwambie nahodha siku hiyo hiyo.

Kuhusu nywele, usisuke rasta za kuongezea. Nywele za bandia hushika maji ya chumvi na kukaa mbichi kichwani siku nzima. Suka twende kilioni kwa nywele zako mwenyewe, zipake mafuta ya nazi na uzifunge kitambaa.

Swali lako la udhu lilikwisha kuulizwa zamani. Abu Huraira amepokea kwamba mtu mmoja alimwambia Mtume (s.a.w.) kuwa wao husafiri baharini na maji kidogo, wakiyatawadhia watapata kiu, je, watawadhe kwa maji ya bahari? Akajibiwa kwamba bahari maji yake ni tohara na maiti wake ni halali. Tawadha basi kwa ndoo yako bila wasiwasi, ila futa uso na mikono baadaye, chumvi isikukaukie mara 5 kila siku.

Hukuuliza kuhusu hedhi, labda kwa haya, lakini nitakujibu. Taulo ya hedhi haitupwi katika choo cha boti, kwa kuwa mipira yake ni myembamba na huziba mara moja. Wala haitupwi baharini, kwani taulo nyingi zina plastiki, na mkataba wa kimataifa wa MARPOL unakataza kutupa plastiki baharini, boti liwe kubwa au dogo. Ifunge kwenye mfuko na uihifadhi mpaka bandarini.

SWALI: Boti letu hukaa limetia nanga Tanga wiki nzima bila mtu. Kila tukirudi, choo kinanuka mayai viza ilhali tulikiacha safi. Tumemwaga klorini mpaka tumechoka. – M., Tanga

JIBU: Kinachonuka si kinyesi, ni bahari yenyewe. Maji yaliyobaki ndani ya mpira wa kuingizia maji ya bahari chooni yana vijiumbe vidogo vinavyokufa na kuoza pasipo hewa, na gesi inayotoka ndiyo yenye harufu hiyo. Klorini mnayomwaga kwenye bakuli haifiki huko, na huharibu mipira ya pampu. Kabla ya kushuka, fungeni vali ya maji ya bahari, chomoeni mpira wa kuingizia, utumbukizeni katika ndoo ya maji baridi na mpige pampu mpaka maji hayo yaingie kwenye bakuli. Kwa magamba meupe ya kwenye mabomba tumieni siki, lakini msiichanganye na klorini hata kidogo, kwa sababu hutoa gesi ya sumu. Mpira ukirudishwa, ukazeni kwa vibanio 2 kabla ya kufungua vali: mara nyingi choo cha boti kiko chini ya usawa wa bahari, na mpira uliolegea unaweza kulizamisha boti papo hapo lilipotia nanga.